Maziwa ya Sabato

Landrova ya polisi ilisimama kwenye lango la hospitali kwa sababu ya tumbo la Konstebo Ouko, si kwa sababu ya haki. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walimsifu Inspekta Machogu kwamba alinusa jambo kutoka mbali. Hakunusa kitu. Mwenye haraka alikuwa dereva wake, ambaye tangu kituo cha Nyamira alikuwa ameendesha gari akikaza meno kama mtu anayeng'olewa jino.

"Afande, nikilipita lango hili sitafika Kisii," alisema Ouko. "Nitafika nusu, na hiyo nusu hutaipenda."

"Nenda."

Ouko akauacha mlango wazi, funguo zikining'inia, akakimbilia vyoo vya nyuma huku ameshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Askari mrefu akikimbia namna hiyo huchekesha, na siku nyingine wanawake waliosimama langoni wangecheka hadi kanga ziwadondoke. Siku ile hakucheka mtu. Walikuwa wameanza kukusanyika, na macho yao yalikuwa nyuma ya gari.

Nyuma ya gari alikaa Anyiko, sista wa wodi ya watoto. Mkono mmoja ulikuwa na pingu iliyofungwa kwenye chuma cha kiti. Mkono wa pili Machogu mwenyewe aliuacha huru, kwa kuwa ulikuwa umembeba mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya.

Katika hospitali hii ndogo ya misheni, iliyokaa kilimani juu ya Ikonge ikizungukwa na chai pande zote, watoto saba walikuwa wamekufa tangu masika yaanze. Mtoto aliletwa na surua au nimonia, akatibiwa, akaanza kuomba chakula, mama akaanza kufunga mizigo. Kisha tumbo likachafuka, homa ikapanda, na zile kapsuli nyekundu na nyeusi, ambazo mwaka wa sabini na tatu zilimwinua mtoto kitandani kama kwa amri, mwaka huu wa sabini na nne zikawa kama kumeza mawe. Ikonge yote ikasema: dawa imeibwa, watoto wanapewa unga wa muhogo.

Mawili yalimwelekea Anyiko. La kwanza, maganda matupu ya kapsuli yalionekana katika migomba iliyo nyuma ya wodi yake. La pili, watoto walianza kuugua mwanzo wa juma, na kila Jumamosi iliyotangulia Anyiko ndiye aliyekuwa zamu peke yake, kwa maana wenzake karibu wote walikuwa Wasabato na walikuwa kanisani. La tatu halikuandikwa popote, ila kila mtu alilijua: Anyiko alikuwa mtu wa ziwani, Mjaluo kati ya Wagusii. Mkubwa wa Kisii alikuwa ameagiza afikishwe mahakamani leo Ijumaa kabla haijafungwa. Shtaka lilikuwa mauaji.

"Sista," alisema Machogu, akigeuka kwa taabu, kwa kuwa tumbo lake na usukani wa Landrova havikuwahi kuelewana hata akiwa abiria. "Kama una la kusema, sema hapa. Nikishakukabidhi Kisii mimi ni mchukuzi tu."

"Nilishasema. Mimi si mwizi."

"Na maganda?"

"Siyajui."

"Na Jumamosi?"

Anyiko alimhamisha mtoto titi kwanza. "Jumamosi nafanya kazi ili wenzangu wasali. Jumapili wanafanya wao ili nisali mimi. Kama kuwa Mkatoliki ni kosa, niandikie hilo, nitalitia sahihi."

"Wanawake hawa wanakujua?"

"Yule wa mbele anaitwa Bonareri. Mwanawe Ratemo alikufia mikononi mwangu. Bibi yake Ratemo ndiye mama wa maziwa hapa jikoni, Mama Bathsheba. Siku ya kumzika mtoto, Mama Bathsheba alinishika mkono mbele ya watu akasema mkono huu uoze." Aliutazama ule wenye pingu. "Haujaoza bado."

Bonareri alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa sweta ya mwanamume. Hakuwa akipiga kelele kama wengine. Alisimama tu, na katika mkono wa kulia alishika jiwe la ukubwa wa kiazi, akilishika vile mtu anavyoshika kitu alichokwisha kuamua kukitumia.

Machogu akamwita askari wa lango, akamwambia asimame kati ya gari na watu, kisha akaingia ndani.

Daktari Onyancha alimkuta kwenye baraza. Alikuwa kijana, koti jeupe limemzidi, macho mekundu ya mtu aliyesahau kitanda chake kina rangi gani.

"Ulikuwa unapita tu? Nilitaka kukutumia mtu. Maabara ya Nairobi wamepiga simu."

"Wanasemaje?"

"Kapsuli ni nzima. Zote tulizopeleka, za kabatini na za wodini. Hakuna unga wa muhogo. Dawa ni dawa."

Machogu alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba aliacha jibu humo. "Basi hakuna wizi."

"Hakuna."

"Na watoto wanakufa kwa nini?"

"Kwa sababu mdudu haiogopi dawa." Daktari alimvuta hadi kwenye dirisha la chumba chake, ambako palikuwa na visahani vya kioo. "Nairobi wamemtoa mdudu katika choo cha watoto wetu, wakamwekea dawa katikati ya kisahani kama hiki. Mdudu wa kawaida huikimbia, pale katikati panabaki peupe. Huyu wetu amemea hadi juu ya dawa. Ameifanya kitanda."

"Alijifunza wapi ujeuri huo?"

"Kwa kuonjeshwa. Ukimpa dawa kamili, anakufa. Ukimpa kidogo kidogo, wanakufa wanyonge, wanabaki sugu, nao wanazaa sugu wenzao. Mahali fulani hapa, Inspekta, kuna mtu anawaonjesha hawa wadudu dawa. Kisha anawapa watoto."

"Kwa njia gani?"

"Mdomo. Ugonjwa wa tumbo hauna mlango mwingine. Lakini nimekagua jiko mara ngapi! Maji yanachemshwa, uji unachemshwa, maharagwe yanachemshwa mpaka yanaomba msamaha. Hata maziwa, nimesimama pale nikaona yanafura."

Machogu alishukuru, akazunguka nyuma ya wodi. Ouko alikuwa akitoka chooni, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Afande, waambie watu wetu wa ziwani wasinichinjie ng'ombe mkubwa matangani. Ndama atatosha."

"Wewe umekula nini?"

"Ulichokula wewe! Juzi, Jumatano, hapa hapa. Ugali, maharagwe, kabeji. Sufuria moja."

"Mimi mbona mzima?"

"Wewe tumbo lako ni mali ya serikali, limezoea." Ouko akaegemea mgomba. "Tofauti ni moja tu. Wewe ulikunywa chai. Mimi Mama Bathsheba alinimiminia maziwa ya wodi, akasema mtu mrefu hujengwa kwa maziwa. Na wala hayakuwa machachu. Maziwa lala, ya kuchachushwa, gani hayo, yamelala kibuyuni na bado yako macho? Halafu mwishoni yana uchungu. Nikayamaliza kwa adabu. Adabu itaniua."

Machogu alianza kumcheka. Kicheko kikafika katikati, kikasimama.

"Yana uchungu?"

"Kama umeuma kidonge."

Machogu aliinama chini ya migomba. Kuinama kwake kulikuwa kazi ya awamu mbili, goti kwanza kisha mwili, lakini alipofika chini alikaa huko kwa muda. Kati ya majani yaliyooza palikuwa na maganda ya kapsuli, upande mwekundu na upande mweusi, makavu, yanang'aa.

"Njoo uone. Usiku mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha! Paa la kambi lilikuwa linapigwa ngoma."

Machogu aliokota ganda moja, akalitia katika tone la maji lililokaa kwenye jani la mgomba. Wakalitazama wote wawili. Ganda likalainika, likanata, rangi ikaanza kutoka kama peremende iliyolambwa na mtoto.

"Haya hayawezi kulala nje na mvua," alisema Machogu. "Haya yametupwa asubuhi hii. Na Anyiko yuko katika seli ya Nyamira tangu Jumatatu."

Ouko alisahau tumbo. "Basi si yeye."

"Ngoja. Wewe ukiiba ndizi ukauze Kisii, utazimenyea shambani?"

"Nani atanunua ndizi iliyomenywa?"

"Na kapsuli vilevile. Watu wanainunua kwa rangi zake mbili. Mwizi angeiuza nzima. Aliyezifungua hapa hakutaka kuuza. Alitaka unga ulio ndani." Alisimama, awamu mbili tena, akafuata migomba kwa macho. Tangu mwanzo wote walikuwa wameiangalia migomba hii kutoka dirisha la wodi, kwa hiyo wakaiita migomba ya wodi. Lakini upande wa pili, nyuma ya tangi la maji ya mvua, kulikuwa na mlango wazi, na mlangoni moshi.

"Ule ni mlango wa wapi?" aliuliza Ouko, ingawa alikuwa akijua.

"Jikoni."

Hakwenda jikoni moja kwa moja. Alipita wodini kwanza. Baadaye alijiambia alitaka ushahidi kamili. Huenda alitaka tu kuchelewa.

Katika kitanda cha pembeni alilala msichana mdogo, Nyamusi, mwenye macho makubwa kuliko uso. Mama yake, Nyanchera, alikuwa amekaa ukingoni akishika kikombe cha bati chenye maziwa.

"Bwakire, mama," Machogu alimsalimia kwa Kigusii. "Mtoto anaendeleaje?"

"Alikuwa amepona. Tulikuwa twende nyumbani. Jumatatu tumbo likamshika."

"Kapsuli anameza?"

"Anameza zote. Sista Anyiko alikuwa anasimama hapa mpaka ameze." Nyanchera akashusha sauti, akatazama kama kuna anayesikia. "Mimi sijaenda langoni, mzee. Yule dada alikuwa akimwimbia mtoto wangu."

"Watoto wanaopona, kapsuli zinazobaki mnapeleka wapi?"

"Hatupeleki nyumbani," alisema Nyanchera upesi, kama mtu aliyeulizwa kama huwa anaiba. "Ukienda na dawa nyumbani unauita ugonjwa ukufuate. Mtoto akishacheza, tunaacha. Tunamwachia mama wa maziwa, awasaidie wasiojiweza. Kila mama huacha. Ni asante."

"Na kesho Nyamusi atakula nini?"

"Kesho?" Alishangaa. "Kesho ni Sabato, mzee. Jiko halina moto, ila ule wa kuchemshia sindano. Kesho ni maziwa ya leo."

Machogu alikuwa mtoto wa Suneka, wa mama Msabato. Alikuwa ameacha kanisa kitambo, lakini tumbo lake lilikulia humo. Utotoni mwake mwote Ijumaa palikuwa na moshi na heka heka, na Jumamosi palikuwa na chakula baridi na nyimbo. Hakuwahi kukifikiria. Mtu hakifikirii kizingiti cha nyumba yao. Na hivyo, alipoambiwa kwamba watoto wanaugua baada ya Jumamosi, yeye, mpelelezi mzima, aliuliza nani alikuwa kazini Jumamosi. Hakuuliza kilichokuwa kimelazwa tangu Ijumaa.

Nyamusi alinyoosha mikono miwili kwa kikombe.

"Usimpe," alisema Machogu.

"Ni maziwa tu, mzee."

"Nipe mimi."

Alikichukua kikombe mkononi mwa mama, mtoto akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu ya kwenda mbali. Machogu aliyamwaga maziwa dirishani, kwenye migomba. Nyanchera alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyemnyang'anya mgonjwa chakula, na hakukosea. Ndivyo alivyokuwa amefanya.

Alimwita Daktari Onyancha. Wakaenda jikoni pamoja, Ouko nyuma yao akishika ukuta.

Mama Bathsheba alikuwa kwenye kigoda mbele ya vibuyu, vimepangwa kando ya ukuta kama waumini wanaongoja mahubiri. Alikuwa mwanamke mnene, kitambaa cheupe kichwani, mikono mikubwa yenye utulivu. Maziwa yaliyochemshwa yalikuwa yamepoa katika sufuria. Alikuwa akiyamimina kibuyu baada ya kibuyu, na katika kila kibuyu, kabla ya kukifunga, alichukua kapsuli kutoka kwenye bakuli, akaibana kwa vidole viwili, ikafunguka kama karanga, unga ukaingia, maganda yakaenda mlangoni nje. Hakuficha. Alipowaona hata mkono haukusita.

"Karibuni, wanangu. Huyu mrefu amepona? Nilisikia anakimbiakimbia." Akamcheka Ouko kwa upole. "Mjaluo na maziwa ya Wagusii! Tumbo lake linataka samaki."

"Ni kweli, mama," alisema Ouko, na hakuongeza utani wowote.

"Mama," alisema Machogu, "hiyo unayotia ni nini?"

"Si dawa? Ya daktari huyu. Wamama wananiachia."

"Unatia kwa nini?"

Mama Bathsheba aliufunga mdomo wa kibuyu kwa jani la mgomba, bila haraka. "Wewe una kahawa kwenu Suneka?"

"Tunayo."

"Bwana shamba alikuja kwetu akatufundisha. Akasema msingoje majani yaoze. Pigeni dawa kahawa ingali nzima. Tukapiga, kahawa ikapona. Mimi nikakaa hapa nikawaza: kahawa inapendwa kuliko mtoto? Mbona mtoto anangojewa mpaka augue? Basi nikawa natia kidogo. Kidogo tu, ziwafikie wote."

Daktari Onyancha alifumba macho.

"Ulianza lini?"

"Mvua zilipoanza. Ratemo wa Bonareri alipoletwa na surua. Mjukuu wangu wa kwanza huyo." Alisema jina kama mtu anayepita mahali penye kidonda. "Nilisema kabla hajaguswa na ugonjwa wa hapa, akute dawa ndani yake."

"Na maziwa, mama? Yanalala vizuri?"

Hapo ndipo mikono iliposimama kwa mara ya kwanza. Alimtazama Machogu kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa siri ya chumbani kwake.

"Nani amekuambia? Hayalali. Tangu nilipoolewa nalaza maziwa, hayajawahi kunikataa. Mwaka huu yamekataa. Nikabadili vibuyu, yakakataa. Nikafukiza moshi, yakakataa. Yanakaa tu, matamu kama ya asubuhi. Ratemo alipokufa nikasema, basi, hata maziwa yanalia. Kuna mtu mwenye jicho baya ndani ya nyumba hii." Akageuza uso kuelekea langoni, lilikosimama gari. "Nikaongeza dawa."

Kuni zilipasuka motoni. Machogu alimtazama daktari. Hakuna shule waliyosoma wao wawili iliyofundisha namna ya kumwambia bibi jambo kama hili, na anayelipwa kuuliza maswali ndiye aliyebaki na jibu.

Alivuta kigoda kingine, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Mama. Maziwa yakilala yanachacha. Ule uchachu ndio mlinzi. Mdudu akiingia kwa mkono, kwa maji, kwa inzi, uchachu unamkaba. Dawa uliyotia ilimuua mlinzi."

"Ilimuua mlinzi," alirudia.

"Na ilikuwa kidogo mno kuwaua wadudu wote. Wale wagumu waliokoka. Wakaizoea. Na maziwa ya Ijumaa yanakaa mpaka Sabato jioni, wao wanazaana tu, hakuna wa kuwazuia. Mtoto akiyanywa anaugua. Sista akimpa kapsuli, hazifanyi kitu, kwa sababu mdudu alishafundishwa."

"Alifundishwa wapi?"

Machogu alivitazama vibuyu, kwa sababu hakuweza kumtazama yeye.

Mama Bathsheba alivitazama pia. Alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayewatambua watoto wake katika umati. Kisha akanyoosha mkono, akagusa kile kidogo kuliko vyote, chenye shanga shingoni.

"Ratemo nilimpa ya juu," alisema. "Yenye mafuta. Wengine wakingoja, yeye nilimpa ya juu."

"Hukujua, mama," alisema daktari.

"Aliyataka hata alipokuwa anatapika. Nikamshikia kikombe." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Anyiko aliniambia, mama, mwache apumzike. Nikamwambia wewe si wa kwetu, utajua nini. Nikamshikia kikombe."

Mtu akilia, unajua la kufanya. Unampa kitambaa, unasema pole. Yeye hakulia. Alisimama, akajifuta mikono kwa aproni, upande wa ndani na upande wa nje, kwa muda mrefu. Akamwuliza Machogu:

"Yuko wapi yule msichana?"

"Langoni. Ndani ya gari."

"Na mtoto wake?"

"Yuko naye."

"Hajapewa maziwa ya hapa?" Alimgeukia daktari. "Mlimwacha hapa mama yake alipokamatwa, akilishwa na wauguzi. Hajapewa?"

Daktari alisema hapana, mtoto alipelekwa kwa mama yake kule kituoni siku ile ile, ananyonya tu.

"Asante Mungu," alisema Mama Bathsheba. Akatoka.

Alitembea katikati ya uwanja wa hospitali, mvua nyepesi imeanza tena, nao wanaume watatu wakamfuata nyuma kama watoto waliotumwa. Machogu alimpita karibu na lango, akachukua ufunguo mfukoni, akaingia nyuma ya Landrova na kuifungua pingu. Anyiko aliusugua mkono, akamtazama bila kuuliza.

"Shuka, sista. Kisii nitakwenda peke yangu, na mkubwa atanipigia kelele mimi."

Anyiko aliposhuka na mtoto, wanawake walivuma kama nyuki. Bonareri akatoka mbele yao. Mkono wenye jiwe ulikuwa umepanda hadi begani. Ouko akaruka, tumbo na yote, lakini alikuwa mbali.

Aliyekuwa karibu ni Mama Bathsheba. Alisimama mbele ya Anyiko, mgongo wake ukimkinga yeye na mtoto, uso kwa bintiye.

"Bonareri."

"Ondoka hapo!"

"Mwanangu, kama ni la kurusha, lirushe huku."

Bonareri hakuelewa. Mkono ulibaki hewani. Mama yake akasogea hatua moja, halafu nyingine, mpaka wakawa karibu kama watu wanaonong'onezana kanisani. Kisha akaanza kumwambia, kwa Kigusii, kwa maneno machache ya nyumbani ambayo mtu hutumia kumwambia mtoto wake kwamba chakula kiko tayari au kwamba mvua inakuja. Alitaja jina la Ratemo. Alitaja kikombe.

Machogu alisikia kila neno. Ouko hakujua Kigusii zaidi ya salamu na matusi, lakini akavua kofia yake ya polisi, akaishika kifuani, mvua ikamlowesha kichwa.

Wanawake wa langoni walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kadiri maneno yalivyowafikia. Mmoja wao akashika mdomo. Mwingine, aliyekuwa na kapsuli zimefungwa katika ncha ya kanga yake, zilizobaki za mtoto wake aliyepona, alizifungua akazitazama, kisha akazifunga tena, asijue azipeleke wapi.

Bonareri hakulirusha jiwe. Wala hakulitupa. Mkono wake ulishuka taratibu, jiwe lingali ndani, na kwa mkono mwingine, ule mtupu, akalishika bega la mama yake, akalishika kwa nguvu, na hakuna aliyekuwa pale aliyeweza kusema kama anamshikilia asianguke au anamsukuma aende.

Nyuma yao, Anyiko alikuwa amevua leso yake. Alimfunika mtoto kichwa. Kisha akaingia ndani, wodini, kwa sababu Nyamusi alikuwa bado analia.